Kuchuja bia siyo kama mnavyodhani

Watu wakija kuonja bia kiwandani kwetu wanainua glasi kwenye mwanga. Wakiona ina ukungu wanauliza mbona hii hamjaichuja, wakiona inang'aa kuna wengine wanauliza mmeichuja ya nini, si mmeitoa ladha yote. Sisi tunaishi hapo katikati. Na kwa kuwa saa hizi kuna vijana wanajifunza kushika filta na maswali yao ni yaleyale ya wateja, acha tuyaweke yote hapa, atakayeuliza tena tunamtumia linki tu.

Kwanza ukungu wenyewe, maana siyo kitu kimoja. Kuna hamira, vile vijidudu vilivyokula sukari ya kimea vikatupa kilevi na gesi, kimoja kina upana wa mikroni 5 mpaka 10 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara 1000). Kuna protini za nafaka zinazoshikana na polifenoli, na hizo polifenoli (kemikali za mimea zenye ukakasi) zinatoka kwenye maganda ya kimea na kwenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, bia ikiwa na joto kila mmoja anaenda kivyake ila ikikaribia nyuzi 0 wanakumbatiana na unaanza kuwaona kwa macho. Huo tunauita ukungu wa baridi, ukiiacha glasi ipate joto mpaka nyuzi 20 hivi unapotea wenyewe. Halafu kuna wanga ambao haukugeuka sukari siku ya kupika, huo usiulete kwenye filta kabisa, tatizo lake liko jikoni, tone la iodini likigeuka buluu nyeusi kwenye uji wa kimea basi bado, subiri.

Sasa ona mtego ulipo. Ukichuja bia ikiwa na joto, ule ukungu wa baridi umeyeyuka kwa hiyo unapita kwenye filta bila shida, bia inatoka safi kabisa kila mtu anapiga picha, halafu mteja anaiweka kwenye friji kesho yake anakuta imerudi ukungu. Ndo maana bia tunaishusha mpaka nyuzi 0, ikiwezekana -1, bia ya kilevi cha asilimia 5 haigandi mpaka ifike kama -2 kwa hiyo nafasi ipo ila ni ndogo, usiondoke ukaenda kulala. Inakaa hapo siku kadhaa. Na ikitoka ni moja kwa moja kwenye filta iliyopoa na hosi zilizopoa, hakuna cha kupita kwanza kwenye tanki la joto.

Kwa kweli hizo siku za baridi zinafanya kazi kubwa kuliko filta yenyewe. Kuna mteja huwa anatwambia bia ya zamani ilikuwa haichujwi na ilikuwa nzuri, na hajakosea, Lorenz Adalbert Enzinger alileta filta yake ya bia huko Ujerumani mwaka 1878, kabla ya hapo laga, yaani bia ya kutunzwa kwenye baridi, ilikuwa inawekwa kwenye mahandaki ya baridi miezi mizima mpaka itulie. Bia iliyotoka tu kuchacha, yaani hamira imemaliza kula sukari, inaweza kuwa na hamira milioni 50 kwenye mililita moja. Ukiileta hivyo kwenye filta karatasi zinaziba tanki halijafika hata robo, unabaki umeshika hosi. Ikishuka chini ya milioni 2 hapo tunaongea. Viwanda vingine vinaharakisha kwa jelatini au kwa ile dawa ya kutulizia inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki, sisi hatuweki, tunasubiri tu, lakini kama huli vitu vya wanyama uwe unauliza popote unapokunywa sababu mara nyingi haiandikwi.

Haya, filta yenyewe. Ya kwetu ni ya pleti, chuma kimepangwa mstari na katikati ya kila pleti kuna karatasi nene, kisha unakaza kwa skrubu kubwa mwishoni. Watu wanafikiria kama chujio la chai, kwamba kuna tundu na kitu kikubwa kinakwama juu. Hapana, karatasi ina unene wa milimita kadhaa na bia inapita ndani kwa njia zilizopinda pinda, uchafu unanasa humohumo kwenye kina. Kila karatasi ina upande wenye mikwaruzo na upande laini. Bia chafu inaingilia upande wa mikwaruzo, inatokea laini. Mwanafunzi wetu akianza kupanga huwa tunamwambia afumbe macho apitishe kidole, maana kwenye mwanga hafifu zote zinafanana, na ukigeuza moja tu katikati ya nyingine thelathini utajua wakati bia imeshaingia kwenye tanki.

Kabla ya bia yanaingia maji. Ya baridi kwanza mpaka harufu ya karatasi iishe, unayaonja kabisa kwenye kikombe, yakiwa bado yana ladha ya katoni endelea kumwaga. Halafu maji ya moto nyuzi 80 mpaka 85 kwa kama nusu saa, na joto unalipima kwenye mlango wa kutokea siyo wa kuingilia, maana chuma kingi kinakunywa joto na pleti ya mwisho inaweza kuwa bado vuguvugu. Hapo karatasi zinavimba kidogo kwa hiyo unakaza tena skrubu. Kisha unapoza, unasukuma maji kwa gesi ya CO2, na ndo bia inaanza kuja. Ya mwanzo imechanganyika na maji, inamwagwa. Tunajua inauma kuona bia inaenda kwenye mfereji ila ndo hivyo, nyingine inadondoka pembeni ya pleti muda wote tunaochuja, beseni linakaa chini, na hiyo nayo hairudi kwenye tanki.

Kuanzia hapo kazi ni macho kwenye geji mbili za presha, ya kuingilia na ya kutokea. Tofauti kati yake ndo inakwambia karatasi zimejaa kiasi gani. Inapanda pole pole, sawa. Ikiruka ghafla kuna mashapo yamenyonywa kutoka chini ya tanki, funga upunguze mwendo. Kila aina ya karatasi ina kikomo chake, zile za kubana sana mara nyingi ni bar 1.5 (bar ni kipimo cha presha), za kawaida bar 3, ukizidisha unausukuma uchafu utokee upande wa pili na kazi yote imeharibika. Pampu nayo unaiwasha taratibu na kuizima taratibu, ukiipiga ghafla karatasi inatikisika inaachia ilichoshika. Upande wa kutokea unaacha valvu imebana kidogo ili presha ibaki kama bar 1 au zaidi, sababu presha ikishuka gesi inatoka kwenye bia, kwenye kile kioo cha bomba unaona viputo vinapita, baadaye ni povu tupu na bia iliyoishiwa gesi.

Kitu tunachokiogopa kuliko ukungu ni oksijeni. Bia iliyochacha haitaki hewa, na ile hamira tunayoitoa ndiyo ilikuwa inaila hewa kidogo ikiingia, sasa ukishaitoa hakuna mlinzi. Ndani ya wiki chache bia inaanza ladha ya karatasi iliyolowa, kama umeshakutana na bia inayong'aa vizuri ila imechoka mdomoni sababu inaweza kuwa hii. Kwa hiyo tanki la kupokelea linajazwa CO2 kabla, hosi zinasukumwa na CO2, na gaskiti yoyote inayovuja haisubiri kesho, pampu inavuta hewa hata pasipo tone kuonekana nje.

Na filta haiponyi bia mbovu. Ile harufu ya siagi kwa mfano, kitaalamu daiasetili, hamira ndo inayoisafisha mwishoni ikiachiwa siku mbili tatu za joto kabla ya kupoza. Ukichuja kabla haijaisha umemfukuza mfanyakazi kazi ikiwa haijakwisha, siagi inabaki humo moja kwa moja. Kwa hiyo mkiona ubao umeandikwa pilsa (aina ya laga) bado kidogo, tuvumilieni, imeshachacha ila tunainusa kila asubuhi na bado hatujaridhika.

Bia ya ngano hatuichuji. Ile yenye hopsi nyingi ya ukungu kama juisi pia hatuichuji, pale ukungu umebeba harufu na uzito wa mdomoni, ukiupitisha kwenye karatasi inatoka bia nyembamba isiyo na jina. Zinazopita kwenye filta ni pilsa na ile nyepesi ya dhahabu, na ni kweli kidogo ya rangi na uchungu inapotea humo, mpishi anajua kwa hiyo hopsi anaziongeza kidogo tangu jikoni.

Jambo la mwisho kwa wanaobeba kwenda nayo nyumbani. Karatasi zetu zinazuia hamira, bakteria wenye mikroni moja au nusu wanaweza kupita, kwa hiyo iliyochujwa isikae kabatini, friji inahusika kwa zote. Ile isiyochujwa isimamishe wima siku nzima kabla ya kufungua, ukimimina acha bia ya upana wa kidole kimoja chini kama hupendi mashapo. Ukiyanywa hayana shida yoyote, ila tumbo lisilozoea linaweza kukupigia kelele kidogo usiku.