Lile tangazo la kazi

Shosti, za siku?

Hii barua nimeiandika nikafuta kama mara tatu, leo acha niitume tu. Unakumbuka lile tangazo la kazi nililoweka kwenye grupu letu saa nne usiku, nikaandika "jamani samahani nimechelewa kuliona, mwisho leo"? Sikuchelewa. Nilikuwa nalo tangu Jumatatu, Jumanne nikaomba, halafu nikalikalia kimya, kila nikishika simu najiambia ntaliweka kesho, kesho, mpaka Ijumaa. Sikutaka nionekane mchoyo ila pia sikutaka mtu aniwahi. Na wewe ndo wa kwanza kunishukuru, na vile vikono vyako, baadae ukaniambia fomu ilikugomea ukiwa unapakia vyeti mpaka saa sita ikakukuta. Ile meseji hadi leo nikipanda juu kwenye chati yetu naipita haraka haraka.

Kinachonikera tangazo lenyewe lilikuwa la kweli kabisa. Mtu angenibana ningesema mbona nimeleta.

Juzi nimesoma habari ya maonyesho ya mifugo kule Plymouth, Uingereza, mwaka 1906, watu walilipa kiingilio wakisie ng'ombe akishachinjwa atatoa nyama uzito gani, anayekaribia anapata zawadi. Mtafiti mmoja Mwingereza, Francis Galton, akazichukua zile kadi, 787 zilizofaa, akazipanga, ya katikati kabisa ilisema paundi 1,207, na uzito wenyewe ulikuwa 1,198. Sasa wale si kila mtu alikuwa anajitafutia? Na kila mmoja aliandika kadi yake mwenyewe. Ila ukiandika uongo kwenye kadi unajikosesha mwenyewe, kwa hiyo ubinafsi wao ukawasukuma kuandika kweli. Wangekaa chini wataje kwa mdomo kabla ya kuandika, yule muuza nyama anayejua ng'ombe kwa kumtazama tu, unadhani angetaja namba yake? Angekaa kimya kama mimi, au angetaja ya kupoteza watu.

Nikasoma na nyingine, ya watafiti wawili, Stasser na Titus, 1985, waliwagawia watu wanne wanne habari za wagombea ili wachague anayefaa, kila mmoja ana vipande vyake ambavyo wenzie hawana, wakikaa kujadili wanarudia zaidi yale wote wanayoyajua na vile vipande mara nyingi havitoki. Kwakweli nilifurahi, nikaona nimepata pa kujifichia, kumbe ndo vikundi vilivyo. Halafu nikakumbuka wale hawakuwa wanagombea chochote. Mimi nilikuwa nagombea, na nilihesabu hadi siku.

Kazi yenyewe sikuitwa hata usaili, najua utacheka. Cheka tu.

Sasa kuna tangazo lingine nimelipata asubuhi hii, mwisho bado wiki mbili, nimekufowadia kabla hata mimi sijaomba, angalia simu. Kwenye grupu bado sijaliweka.

Wako yule yule.