Hata pangoni kuna mitihani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila mfano wa pango la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, unapotajwa magazetini, hutumiwa kuwasema watu wanaodanganywa na runinga au wanasiasa, ilhali katika kitabu cha 7 cha Jamhuri, mazungumzo aliyoyaandika Plato, kabla hajataja hata mnyororo mmoja, Socrates, msemaji mkuu humo, anasema mfano huo unahusu elimu na ukosefu wake.

Wafungwa wa pangoni humo, waliofungwa miguu na shingo tangu utotoni wakitazama ukuta tu, si watu wasiojua lolote. Wanavipa majina vivuli vinavyopita ukutani, na anayekumbuka vizuri kipi hutangulia na kipi hufuata, hata akaweza kubashiri kitakachokuja, hupewa heshima na tuzo. Wasimuliaji wengi hupita hapo haraka, nami naona ndipo penye makali ya hadithi nzima: hata pangoni kuna mitihani, na wapo wanaofaulu.

Ndiyo maana Socrates anawapinga wanaodai kutia maarifa katika nafsi isiyokuwa nayo, kana kwamba wanatia uwezo wa kuona katika macho ya kipofu. Kwake uwezo huo tayari upo, ila umeelekezwa kusikofaa, na kazi ya mwalimu ni kumgeuza mtu mzima mzima. Katika Meno, mazungumzo mengine ya Plato, tunaiona kazi hiyo ikifanyika. Kijana mtumwa anaulizwa ubavu wa mraba wenye eneo mara mbili ya ule wa futi 2 kwa 2. Anajibu bila kusita kuwa ni futi 4, kisha wakihesabu wanapata 16 badala ya 8. Anajaribu 3, inatoka 9. Anapokiri kwamba hajui, Socrates anasema sasa yuko pazuri kuliko mwanzo, na baada ya hapo ndipo mstari wa kona hadi kona wa mraba ule wa kwanza unapochorwa, nao ndio ubavu uliokuwa ukitafutwa. (Maswali yenyewe yanamwongoza mno, nakubali, lakini makosa yale mawili yalikuwa yake.)

Linalonitatiza ni jingine. Katika mfano wa pango, mfungwa mmoja anafunguliwa na kuburutwa kwa nguvu kupanda njia ya mwinuko mkali hadi kwenye mwanga wa jua, macho yakimuuma, ilhali baadaye katika kitabu hicho hicho cha 7 tunaambiwa kwamba somo la kulazimishwa halikai rohoni, na kwamba watoto wafundishwe kwa michezo. Wanaomtaja Plato kila mjadala wa elimu unapozuka wangetusaidia zaidi kama wangeanzia kwenye mgongano huo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro