Basi likisimama kituoni, injini izimwe

Mhariri,

Wengi huupima moshi wa dizeli kwa macho: ukiwa mweusi ni sumu, usipoonekana ni salama. Kipimo hicho kinadanganya. Chembe nyingi za masizi ya dizeli hazifiki hata mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele una takriban mikroni 70. Pua haizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa hupenya kwenye damu na kuuchosha moyo. Mwaka 2012 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani uliuweka moshi huu kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, iliko asbesto.

Tuanzie kituoni. Basi huachwa likinguruma abiria wakipanda, na bomba la moshi liko karibu na uso wa mtoto, ambaye kwa kila kilo ya uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima.

Madereva wana sababu zao, na si za kupuuzwa. Kubwa ni upepo wa breki, yaani hewa iliyobanwa inayoendesha breki: wanahofia ukiisha basi halitaondoka. Lakini kwenye basi lisilo na hitilafu, injini ikizimwa na breki haijakanyagwa, geji ya upepo haipaswi kushuka zaidi ya psi 2 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) kwa dakika. Ikizidi hapo, kuna paipu, valvu au daiframu inayovuja. Pakeni maji ya sabuni kwenye maungio; mapovu yatawaonyesha. Basi hilo halifai kubeba watu hata kama moshi wake ungekuwa manukato.

Ya pili ni tabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Ni kweli, gari lililotoka kupanda mlima na mzigo lipewe dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzimwa, la sivyo oili huungulia kwenye beringi za tabo. Lililoingia kituoni taratibu limeshapoa njiani. Stata nayo ikigoma kuwasha injini tena, angalieni betri na kutu kwenye vichwa vyake.

Kunguruma bila kazi kunaiua injini yenyewe. Silinda hazipati joto, dizeli haiungui yote, masizi hugandamana kwenye ncha za nozeli zinazonyunyiza dizeli. Kichujio cha masizi nacho huziba, kwa kuwa kinahitaji joto la karibu nyuzi 600 kujisafisha. Kikishaziba, baadhi ya mafundi hukikata na kuchomelea bomba tupu. Gari linapata nguvu, na masizi yote yanakwenda kwa abiria. Tunawasihi mafundi wenzetu wasifanye hivyo. Kifunguliwe, kisafishwe kwa mashine, na kwanza atafutwe mkosaji: nozeli inayodondosha au tabo inayovujisha oili.

Wenye magari wanaohesabu faida wajue kuwa lori kubwa likinguruma tu huchoma takriban lita 3 kwa saa. Wasimamizi wa vituo nao wahamishe mabenchi ya kusubiria, yasielekee nyuma ya mabasi.

Mafundi wa injini za dizeli