Kabla ya kuchagua programu ya kompyuta pepe, itazame kompyuta yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye ofisi, shule na maduka ambao kazi zao bado zinategemea programu za zamani za uhasibu, stoo au matokeo ya wanafunzi. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanaambiwa wanunue kompyuta mpya au waendelee hivyo hivyo. Ipo njia nyingine: kompyuta iwekewe mfumo unaopata masasisho, mathalani Linux, na Windows ya zamani iendeshwe ndani yake kama kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, isiyofika kwenye intaneti.

Kila mtu huuliza programu ipi ya kuendesha kompyuta pepe ni bora. Kwanza fungua Task Manager, ingia Performance, bofya CPU, usome kama Virtualization (uwezo wa prosesa kuendesha kompyuta pepe) imewashwa. Kama haijawashwa, ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) utafute Intel VT-x au, kwa prosesa za AMD, SVM Mode. Bila hiyo utabadilisha programu bure. Ramu ya GB 4 haitoshi. Anzia GB 8, na mgeni, yaani kompyuta pepe, asipewe zaidi ya nusu. Mwenyeji, yaani kompyuta halisi, akiishiwa ramu huanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo wote wawili hukwama. Kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Ukishajua hayo, chagua. Kwenye Windows 11 Pro, Hyper-V, programu ya Microsoft ya kompyuta pepe, imo tayari, ni kuiwasha tu. Toleo la Home halina. Udhaifu wake ni kwamba haina njia nyepesi ya kumpa mgeni kifaa cha USB, kwa hiyo programu inayodai kifunguo cha leseni cha USB itakusumbua. Programu nyingine mbili, VMware Workstation Pro na VirtualBox, hulimudu hilo. Ya kwanza ni bure hata kwa biashara tangu Novemba 2024. VirtualBox nayo ni bure, lakini kifurushi chake cha ziada, Extension Pack, ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu tu, biashara hulipia. Mafundi hukiweka kwa mazoea, ilhali tangu toleo la 7.0 uwezo wa USB 2 na 3 umo ndani ya programu yenyewe. Mteja asiingizwe kwenye deni la leseni kwa kitu asichokihitaji.

Ukiona VirtualBox inajikokota kwenye Windows, tazama chini ya dirisha la mgeni. Picha ndogo ya kasa wa kijani maana yake Hyper-V inafanya kazi chini kwa chini. Izime, pamoja na Memory Integrity (kinga ya usalama ya Windows) kama ndiyo inayoiamsha, au hamia Hyper-V kabisa.

Kwenye Linux mimi nasimama na KVM, ambayo ndiyo huendesha kompyuta pepe, pamoja na Virt-Manager, dirisha la kuisimamia. KVM imo ndani ya kiini (kernel) cha Linux tangu 2007. Moduli za VirtualBox, vipande vyake vinavyoingia kwenye kiini, hujengwa upya kila kiini kikibadilika, na Secure Boot (kinga inayokagua saini za programu kompyuta inapowaka) huzikataa zisiposainiwa.

Kuihamisha Windows ya zamani kunataka utulivu. Kabla hujafuta chochote, endesha Disk2vhd ya Microsoft. Hunakili diski nzima kuwa faili moja ya VHD, yaani diski pepe. Ondoa tiki ya VHDX (aina nyingine ya diski pepe), na uhifadhi kwenye diski ya nje iliyofomatiwa kwa NTFS, kwani iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili ya GB 4 au zaidi. Kwa KVM, igeuze kuwa qcow2 (aina ya faili ya diski inayotumiwa na KVM) kwa amri ya qemu-img, na diski uiunganishe kama SATA, njia ya kawaida ya kuunganisha diski. Ukichagua VirtIO, njia maalumu ya kompyuta pepe, Windows haina draiva zake na itaishia skrini ya bluu. Windows iliyosimikwa kwa UEFI (mrithi wa BIOS) nayo hudai UEFI upande wa mgeni. Hakikisha inawaka kwenye kompyuta nyingine ndipo ufute ya awali. Leseni iliyokuja na kompyuta huenda ikakataa kuhama, iwekee bajeti.

Ikishawaka, mwondolee mgeni kadi ya mtandao. Na "snapshot", alama ya kurudisha mgeni alivyokuwa wakati fulani, isihesabiwe kuwa nakala ya akiba, kwa sababu haisimami bila faili ya diski ya awali. Kila wiki mzime mgeni, unakili faili zake zote kwenye diski ya nje, na kompyuta iwe na UPS (betri ya akiba): umeme ukikatika mgeni akiwa anaandika, faili ya diski yake iliyobeba kila kitu inaweza kuharibika.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro