Barua ya Kufunga Muhula: Vikundi vya Biashara vya Wanafunzi na Nafasi ya Wafanyabiashara wa Mji Wetu

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Muheza, Tanga.

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu

YAH: VIKUNDI VYA BIASHARA NA MAFUNZO YA LIKIZO KWA WAFANYABIASHARA

Ndugu wazazi na walezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ripoti ya mtihani mwanafunzi amekuja nayo. Tarehe ya kufungua shule na mahitaji ya muhula ujao vimeandikwa nyuma yake, kwa hiyo sitavirudia. Barua hii ni ya jambo moja, lile ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliuliza mnapofika ofisini: kwa nini watoto wanauza sabuni na maandazi shuleni, na sasa tunataka waende madukani?

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeweka Elimu ya Biashara katika masomo ya sekondari. Somo lina kitabu na lina mtihani. Hata hivyo mwanafunzi anaweza kueleza vizuri kabisa maana ya mtaji, kisha akapewa shilingi elfu ishirini na akaula mtaji huo ndani ya wiki mbili bila kujua umekwendaje. Vikundi vimeundwa kwa ajili ya pengo hilo. Shule haitafuti mapato. Elimu ya Kujitegemea ilipoanza mwaka 1967 nia ilikuwa njema, lakini katika shule nyingi shamba la shule liliishia kuwa adhabu ya waliochelewa namba, na hakuna mwanafunzi aliyeonyeshwa hesabu ya mavuno. Hatutaki kurudia hayo. Kipimo chetu ni daftari: kikundi kilichopata hasara na kikaweza kuonyesha hasara ilitokea wapi kimefaulu kuliko kilichopata faida kisichoweza kuieleza.

Kila kikundi kina wanafunzi wanane na hupewa mkopo wa shilingi 20,000 kutoka mradi wa elimu ya kujitegemea. Mkopo hurejeshwa wote kabla ya faida kuguswa. Mweka hazina na mtunza daftari hawawi mtu mmoja, na hubadilishana kila mwezi. Fedha yoyote inayopokelewa na mwalimu ina stakabadhi. Mtoto akikwambia "mwalimu ameshika hela yetu", mwombe stakabadhi. Asipokuwa nayo, niarifu.

Sasa niwaonyeshe tatizo lenyewe, kwa sababu suluhisho lake liko mikononi mwenu. Chukua kikundi cha maandazi. Bei hizi ni za mfano, weka za dukani kwako. Unga wa ngano kilo mbili, 4,000. Sukari robo kilo, 750. Mafuta nusu lita, 2,500. Hamira 500. Iliki na chumvi 300. Mkaa 1,500. Jumla 9,550. Unga huo, ukikandwa na kukatwa vipande vya gramu 50 hivi, unatoa maandazi 60. Kwa shilingi 200 kila moja ni 12,000, faida 2,450.

Daftari la mwanafunzi mara nyingi litasoma faida 6,450. Mafuta yalitoka jikoni kwa mama, mkaa vilevile, na kwa kuwa hakuvilipia hakuviandika. Kisha maandazi manane yanabaki, wanakikundi wanayala, nayo hayaandikwi. Ukiyatoa hayo manane, yaani 1,600, faida halisi inashuka hadi 850, na bado hatujahesabu saa tatu za wasichana wawili waliokanda alfajiri. Biashara nyingi za mitaani hufa hivyo: zinaishi kwa mkaa wa nyumbani hadi wa nyumbani wachoke. Kwa hiyo ombi la kwanza ni hili. Mtoto akichukua kitu nyumbani kwa ajili ya kikundi, msimnyime, lakini mwambieni bei yake na ahakikishe kimeandikwa, hata kama hamtaidai. La pili: msinunue bidhaa za kikundi kwa huruma. Andazi likiwa gumu, liache. Mteja anayenunua kibovu kwa upendo anamnyima mtoto taarifa aliyoihitaji.

Sabuni ya maji imeleta maswali zaidi, hasa ya usalama, na ni haki yenu kuuliza. Inatengenezwa maabara tu, mwalimu wa kemia akiwepo, na hakuna ruhusa ya kuitengenezea nyumbani. Kwa lita 20 tunatumia sulphonic acid lita moja, sless (kemikali ya kutoa povu) nusu kilo, soda ash (magadi ya unga ya kupunguza ukali wa asidi), chumvi nusu kilo, rangi na manukato kidogo, na maji safi kama lita 18. Asidi humiminwa ndani ya maji polepole, kamwe si maji ndani ya asidi. Soda ash huyeyushwa pembeni kwenye ndoo ya plastiki, maana sufuria ya alumini huliwa nayo. Watu wengi mitaani hutia robo kilo yote kwa kukariri. Kwa lita moja ya asidi ile, gramu 170 hadi 180 kwa kawaida zinatosha. Zinazozidi ndizo zinazochuna mikono ya mfuaji, na zikipungua sabuni inabaki na ukali wa asidi. Kwa hiyo hutiwa kidogo kidogo huku ikipimwa kwa karatasi ya litmasi, hadi nyekundu na ya bluu zote zisibadilike. Mchanganyiko huchemka povu wakati huo, ndiyo maana ndoo ya lita 20 haitoshi kutengenezea lita 20.

Chumvi hutiwa mwisho, ikiwa imeyeyushwa, na hapo ndipo vikundi vingi vinapoharibu. Chumvi huifanya sabuni iwe nzito, mwanafunzi anafurahi, anaongeza. Ikipita kiwango, uzito unavunjika na sabuni inarudi kuwa kama maji. Chumvi zaidi inazidisha ubaya. Ikishaonekana nzito vya kutosha, simama, hata kama chumvi haijaisha. Inalala usiku mmoja povu lishuke ndipo ipimwe kwenye chupa, vinginevyo chupa inayoonekana imejaa kesho yake inakuwa na pungufu, na mteja anaona ameibiwa.

Chupa zinazotumika ni za maji ya kunywa, na hili linanisumbua. Mkinunua, hakikisheni lebo ya zamani imetolewa, mpya imeandikwa SABUNI na tarehe, na chupa inawekwa mbali na watoto wadogo. Sabuni hii inauzwa ndani ya shule na kwa wazazi kama zoezi la somo. Haipelekwi dukani, kwa kuwa bidhaa ya dukani inahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwanafunzi atakayetaka kuendelea baada ya kumaliza shule ataelekezwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaosaidia wajasiriamali wadogo kuianza njia hiyo.

Nije kwa wafanyabiashara. Utaratibu wa kumwalika mtu mmoja mwenye mafanikio ahutubie mstarini tumeuacha. Mgeni husimulia alivyoanza na elfu tano, wanafunzi hupiga makofi, na hakuna anayeondoka akijua bei ya jumla ya kitu chochote. Sasa mgeni huja darasani, kipindi kimoja, na tunamwomba aje na bidhaa moja tu na aieleze kuanzia anapoinunua hadi inapotoka mkononi mwake. Wenye maduka huogopa kutaja faida, kwa ajili ya washindani na kwa ajili ya kodi, na hofu hiyo tunaiheshimu. Hatumuulizi anapata kiasi gani kwa mwezi. Tunamuuliza ni nini kinachooza, kinachovunjika, kinachokopwa kisirudi, na anajuaje.

Msimu huu wa machungwa, kwa mfano, hakuna mwalimu bora kuliko mnunuzi anayejaza lori. Chungwa lile lile lina bei moja chini ya mti, nyingine barabarani Segera, nyingine sokoni Dar es Salaam. Wanafunzi huamini kwamba tofauti yote ni faida ya mlanguzi. Mnunuzi akiweka mezani malipo ya wachumaji, upakiaji, nauli ya gari, ushuru, na yale yanayooza njiani, picha inabadilika. Vilevile ataeleza kwa nini chungwa lililochumwa likiwa na umande, au lililoangushwa badala ya kushushwa, halifiki. Mtoto wa mkulima akilijua hilo, baba yake anaweza kunufaika kabla ya mtihani.

Wakala wa fedha za simu tunamhitaji aeleze floti na keshi: kwa nini anaweza kuwa na laki tano kwenye simu na bado akamkosa mteja anayetaka kutoa elfu hamsini. Fundi cherehani aonyeshe jinsi anavyokadiria mita za kitambaa, na kwa nini anadai malipo ya awali kabla ya kukata. Mwenye duka la jumla aeleze mali kauli, yaani kuchukua bidhaa leo na kulipa baadaye, maana biashara nyingi ndogo hapa mjini zinaendeshwa nayo na kitabu hakiigusi vya kutosha: nani anapewa, kwa siku ngapi, na nini kinatokea anapochelewa mara ya pili. Mzazi mwenye moja ya shughuli hizi, hata genge la nyanya, ajiandikishe. Genge lina somo ambalo duka la jumla halina: kupanga bei ya saa kumi na mbili jioni kwa kitu ambacho kesho hakitauzika.

Mafunzo ya likizo ni hatua mpya, na hapa nataka tuelewane sawasawa. Mwanafunzi ataketi na mfanyabiashara siku mbili kwa wiki, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa wiki tatu. Wanakwenda wawili wawili, hakuna anayekwenda peke yake. Mfanyabiashara halipwi na mwanafunzi halipwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyodhuru afya wala kuzuia masomo, kwa hiyo aliye chini ya umri huo atabaki na zoezi la nyumbani. Hakuna atakayepelekwa kwenye baa, kilabu cha pombe, au nyumba ya wageni. Kwa seremala hagusi msumeno wa umeme. Kwa wakala hagusi simu ya miamala wala kuona namba ya siri ya mtu. Orodha ya watakaopokea wanafunzi imepitiwa na Bodi ya Shule, na mwalimu atapita kila wiki bila kutoa taarifa.

Hatari kubwa zaidi ni ya kawaida kabisa: mtoto kugeuzwa wa kutumwa. Atafagia siku ya kwanza, sawa, kila duka linafagiwa. Akifagia na kuchota maji wiki nzima, hajifunzi, na tutamwondoa. Ndiyo maana kila mwanafunzi ana kazi ya kuleta: achague bidhaa tatu, aandike kila siku kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kisha alinganishe na hesabu ya rafuni. Vikitofautiana, aulize kwa heshima. Chanzo huwa ni kuuza kwa haraka bila kuandika, mwenye duka kuchukua kitu cha nyumbani bila kukihesabu, au chenji iliyokosewa, na mara chache ni wizi. Tumewaambia wafanyabiashara kwamba upungufu wa fedha usimwangukie mwanafunzi. Hatakiwi kushika droo.

Ninyi nyumbani ulizeni swali moja jioni: leo kimebaki nini? Mtoto anayeweza kujibu kwa idadi yuko kazini. Anayejibu "biashara ilikuwa nzuri" hajahesabu.

Hakuna mchango wa lazima kwa lolote kati ya haya. Mwanafunzi anahitaji daftari la kurasa 96, rula, na kalamu za rangi mbili. Fomu iliyo chini irudishwe kwa mwalimu wa darasa ndani ya siku tano tangu kufunga shule. Asiye na fomu iliyosainiwa hapangiwi mahali, hata kama mzazi amekubali kwa simu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

MKUU WA SHULE

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Afisa Elimu Kata, Mtendaji wa Kata.

- - - - - - - - - - kata hapa - - - - - - - - - -

Jina la mwanafunzi: .................... Kidato na mkondo: .......... Umri: ..........

Ninaruhusu / siruhusu ashiriki mafunzo ya likizo. (Futa isiyohusika.)

Shughuli ambayo singependa apangiwe: ....................

Ugonjwa au mzio ambao mwenye duka na mwalimu wanapaswa kuujua: ....................

Mimi mwenyewe nina biashara ya .................... na niko tayari: kuja darasani kipindi kimoja / kupokea wanafunzi wawili / vyote / hapana.

Jina la mzazi au mlezi: .................... Sahihi: .................... Tarehe: ..........