YAH: Nimelipia gasketi mpya ya ekzosi, nimefungiwa ile ile ya zamani

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, dereva bodaboda wa Mbagala, pikipiki yangu ya cc 125 nilinunua kwenu na sevisi zote nafanya kwenu, namba ya pikipiki ipo kwenye risiti niliyoambatanisha. Naandika kwa heshima ila mjue nimejizuia sana.

Risiti ya Jumanne inasema gasketi ya ekzosi 1, sili ya mafla 1, na ufundi, jumla 38,000. Nililipa keshi bila kuomba punguzo. Jumatano asubuhi nawasha, mlio ni ule ule wa tatatata pale shingoni kwenye hedi ya injini, nikiachia mafuta kwenye mteremko inalipua paa paa mpaka abiria anashtuka. Gasketi mpya, ile pete ya kuziba moshi, ikifungwa vizuri haiwezi kuvujisha siku ya pili. Nikapitia kwenu muda huo huo nikiwa na abiria wangu, mama mmoja ambaye nampeleka sokoni kila siku, nikamwomba anisubiri dakika tano.

Nikamwambia msimamizi wenu wa gereji kwa upole kabisa, kaka naomba ile gasketi ya zamani mliyotoa, maana utaratibu wenu mmeubandika wenyewe pale kaunta kwamba spea iliyotolewa anapewa mteja. Hakunijibu. Akaingiza mkono kwenye pipa la taka, akachomoa gasketi moja akanirushia, akasema "si hiyo hapo, chukua uende". Watu wote wanaangalia. Na gasketi yenyewe ni ya pikipiki kubwa, pana, kwenye tundu la hedi yangu haikai hata uilazimishe.

Nikaenda kwa fundi wa mtaani. Ekzosi ni nati mbili tu, spana namba 10, ile ya pili imetoka na stadi yake, ile bolti inayoshika nati, imekatika, nusu imebaki ndani ya hedi. Ndani tukakuta gasketi yangu ya zamani, imebonyea kama sarafu, nyeusi ti, imepakwa silikoni nyekundu ambayo tayari imeungua inapukutika. Silikoni pale mdomoni kabisa mwa hedi inakaa na moto ule kweli? Mafundi wenu wanajua haikai. Ile pete imetengenezwa ibonyee mara moja tu, ikishakaa katikati ya hedi na shingo ya ekzosi imeshachukua umbo lake, ukiifungua ukairudisha haina cha kubonyea tena na moshi unapita pembeni. Ndiyo maana fundi wenu akakaza nati kupita kiasi akidhani itaziba, stadi ikachoka, na hedi ni aluminiamu, sasa hivi natakiwa kutoboa na kukata nyuzi upya 25,000. Sili ya mafla nayo haijaguswa, ni ya zamani, imemeguka.

Najua kuna watakaosema mbona watu wanarudishia gasketi ya zamani. Ni kweli. Ile ya shaba tupu fundi aliyeko porini anaichoma mpaka iwe nyekundu, ikipoa inakuwa laini, anaifunga mtu anafika nyumbani. Ila huyo anakwambia kabisa ni ya zamani na hakuandikii risiti ya mpya. Na nimesahau kusema, hiyo Jumanne kabla hawajafungua niliuliza kama spea ipo, nikaambiwa ipo stoo, tena nikaoneshwa ikiwa kwenye pakiti yake! Ilienda wapi?

Naomba nirudie la pale kaunta maana linaniuma kuliko hela. Ile gasketi aliyonirushia haikukaa kwenye kaunta, ilibingirika ikaanguka chini karibu na miguu ya yule mama, na mimi nikainama nikaiokota mbele ya wateja wenu wote, nikasema asante. Nilisema asante kwa mtu aliyenirushia taka. Mama akanishika bega akasema mwanangu twende. Njia nzima hakuongea, na mimi sikuweza kumtazama kwenye kioo. Nina miaka 9 barabarani, trafiki wamenigombeza, abiria wamenitukana, lakini sijawahi kuokoteshwa kitu chini nikiwa nimekilipia.

Ninachotaka ni 38,000 yangu yote, sio nusu. Na 25,000 ya stadi. Na siku mbili ambazo sikulaza hela nyumbani, Jumatano na Alhamisi, mnajua dereva anaingiza nini kwa siku. Na huyo msimamizi aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakiwepo, sio ofisini kwako mlango umefungwa.

Nilipanga kuwapa siku 7 ila kadiri ninavyoandika naona ni nyingi, nawapa 3. Zikiisha kama sijapigiwa simu, Jumatatu napeleka malalamiko Tume ya Ushindani na risiti yenu, gasketi zote mbili na kipande cha stadi, fundi wangu amekubali kwenda kueleza alichokuta. Na kijiweni tuko zaidi ya 40, wengi wanafanya sevisi kwenu, hizo gasketi nimeshawaonesha.

Namba yangu mnayo kwenye risiti.

Mteja wenu, Mbagala