Mama, tazama safu ya tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku Uingereza sisi wazima, ila baridi bado haijatuachia. Naomba mguu wa Baba uwe umepata nafuu, na Rehema bado anakusaidia kukaanga maandazi alfajiri.

Uliniuliza ninafanya nini maabara mpaka saa nne usiku. Mama, ninashughulika na protini moja iitwayo TFIIIA. Imejaa kwenye mayai machanga ya chura wa kusini mwa Afrika, yule ambaye zamani hospitali zilimdunga mkojo wa mwanamke. Akitaga, mwanamke ana mimba.

Ndani ya kiini cha seli, protini hii hushika jeni fulani, yaani kipande cha DNA, maandishi ya urithi, ili inakiliwe. Nakala yake ni RNA fupi, herufi 120 hivi, iitwayo 5S, nayo huenda kuwa sehemu ya ribosomu, mtambo unaotengeneza protini zote za mwili. Mwaka 1980 watafiti walionyesha jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: protini ileile huishika RNA hiyo pia. Mfikirie Rehema. Akiwa kwenye karai, maandazi yanatoka. Yakirundikana, anaacha karai akayapakie kwenye ndoo, na kukaanga kunasimama bila wewe kusema neno. RNA ikizidi nayo huzivuta protini hizo kwake, jeni ikabaki bila wa kuisimamia.

Mwaka 1985, Aaron Klug na wenzake pale Cambridge walieleza kuwa protini hii ina vidole tisa, kila kimoja kikishikiliwa na chembe ya zinki. Vitatu vya mwanzo ndivyo hasa vinavyoshika DNA. RNA hushikwa na vya katikati.

Wiki tatu RNA yangu ilikuwa ikiharibika tu, kwa kuwa ngozi ya mikono yetu ina vimeng'enya vinavyoikatakata. Sasa nabadilisha glavu kila nikigusa kitasa. Basi Jumanne usiku nikapiga picha jeli, lile bamba laini ambalo umeme huikimbiza RNA ndani yake: RNA iliyo peke yake imekimbia hadi chini, iliyoshikwa imebaki juu, mstari mwembamba, safi. Pembeni yake niliweka protini niliyoiharibu kidole cha nne. Pale juu hapakuwa na kitu. Nilitaka kukupigia muda uleule, ila huko mlikuwa mmelala.

Picha nimeituma kwenye simu ya Rehema. Mwambie akukuzie safu ya tatu kutoka kushoto.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Zuhura